Yatima Akisha Kubaleghe: Somo kwa Walezi na Mawasii

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemwona Mtume wake yatima akampa makazi. Rehema na amani zimshukie Bwana Muhammad, na aali zake, na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Fadhila ya kulea yatima haihitaji maelezo mengi kwa watu wa mwambao. Hapana asiyeisikia hadithi ya Sahl bin Saad aliyoipokea Bukhari, kwamba Mtume (S.A.W.) alionyesha vidole vyake viwili akabashiri kuwa yeye na mwenye kumlea yatima watakuwa karibu namna hiyo Peponi. Kwa ajili ya bishara hii wengi huchukua watoto wa ndugu zao waliokufa, na watoto wasio na mtu, wakawalisha, wakawavika, wakawapeleka chuoni.

Walakini somo hili si la mwanzo wa malezi. Ni la mwisho wake. Kwani waanzao vyema ni wengi, na wamalizao vyema ni wachache. Yuko mlezi ambaye kijana akiota ndevu humwambia, "Sasa wewe ni mtu mzima, nenda ukajitafutie," akamtoa nyumbani hana kazi wala ujuzi wala pa kulala. Na yuko mwingine aliyeshika mali ya yatima, kijana akafika miaka 25, akaoa, akazaa, na mali ingali kwa ami yake, kila akidai huambiwa, "Ngoja, wewe mtoto bado." Wa kwanza amekata kabla ya wakati, wa pili amezuia baada ya wakati. Na asili ya makosa yote mawili ni moja, nayo ni kutojua mpaka ulipo.

FASILI YA KWANZA: Mpaka wa uyatima

Yatima katika sheria ni mtoto aliyefiwa na baba yake kabla ya kubaleghe. Abu Daud amepokea kwa Sayyidna Ali kwamba Mtume (S.A.W.) amesema kuwa hapana uyatima baada ya kubaleghe. Basi jina hili lina mwisho, wala halimfuati mtu mpaka uzeeni.

Na kubaleghe katika madhehebu ya Imamu Shafii hujulikana kwa kutokwa na manii, na huweza kuwa tangu kutimia miaka 9. Na kwa mwanamke hujulikana pia kwa hedhi. Isipoonekana alama, mpaka ni kutimia miaka 15. Dalili yake ni habari ya Abdallah bin Umar iliyomo katika Bukhari na Muslim. Alipelekwa mbele ya Mtume (S.A.W.) siku ya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra, naye ana miaka 14, asiruhusiwe kupigana. Akapelekwa tena siku ya Handaki, mwaka wa 5, naye ana miaka 15, akaruhusiwa. Habari hiyo ilipomfikia Khalifa Umar bin Abdulaziz alisema kuwa huo ndio mpaka baina ya mdogo na mkubwa, akawaandikia maliwali wake.

Na hii miaka 15 ni ya mwezi. Kwa hesabu ya jua ni miaka 14 na miezi 6 na ushei. Ama sheria za serikali ya Kenya na ya Tanzania humhesabu mtu kuwa ni mtoto mpaka atimize miaka 18, na kitambulisho cha serikali hutolewa kwa aliyetimiza umri huo. Mipaka hii miwili haigongani kwa mlezi mwenye busara. Mpaka wa kwanza ni wa sala na saumu na hesabu ya Akhera. Wa pili ni wa hati na vyeti vya dunia. Na miaka mitatu na kitu iliyo baina yake ni fursa ya mafunzo, si ya kulala.

Lakini hapa ndipo wengi huteleza. Husikia kuwa uyatima umekwisha, wakadhani na amana imekwisha. Sivyo. Jina la uyatima hutoka kwa kubaleghe. Amana haitoki ila kwa kubaleghe pamoja na rushdi.

FASILI YA PILI: Maana ya rushdi

Aya ya 6 ya Sura ya An-Nisaa ndiyo msingi wa mlango huu wote. Imeamrisha mayatima wajaribiwe mpaka wafike umri wa kuoa. Wakionekana kuwa na rushdi wapewe mali zao. Mali hizo zisiliwe kwa fujo wala kwa haraka kabla hawajakua. Na siku ya kukabidhi washuhudishwe watu. Basi mwenye kuizingatia ataona kuwa Mwenyezi Mungu hakutaja umri peke yake. Ametaja na jambo la pili, nalo ni rushdi.

Na rushdi kwa Mashafii ni kutengenea katika dini na katika mali pamoja. Kutengenea katika dini ni kutofanya mambo yanayoondoa uadilifu wa mtu. Na kutengenea katika mali ni kutoipoteza bure, kama kununua kwa bei ya udanganyifu ulio dhahiri, au kuitupa baharini, au kuitumia katika haramu. Imamu Abu Hanifa ametosheka na kutengenea kwa mali peke yake, na kwake mwenye kufika miaka 25 hupewa mali yake kwa vyovyote.

Kijana akibaleghe hali ana rushdi, kizuizi cha mali yake huondoka chenyewe, wala hapana haja ya hukumu ya kadhi. Na akibaleghe hana rushdi, kizuizi hubaki, na walii wake hubaki kuwa walii, hata kama kijana ana ndevu za kufika kifuani. Basi yule ami asemaye "mtoto bado" huulizwa: Umeona nini kwake katika dini yake na mali yake? Akiwa na jawabu la kweli, ana haki ya kuzuia. Akiwa hana, yeye ni mwenye kushika mali ya mtu bila ya haki, na tishio la aya ya 10 ya sura hiyo hiyo juu ya walao mali za mayatima kwa dhuluma lamhusu.

FASILI YA TATU: Namna ya kumjaribu

Rushdi haianguki kutoka mbinguni usiku wa kutimia miaka 15. Hufundishwa, kisha hujaribiwa. Na kauli sahihi katika madhehebu ni kuwa kujaribu huwa kabla ya kubaleghe, wala si baada yake. Kwa hivyo mlezi aanzaye kumfikiria kijana siku ya kumtoa nyumbani amekwisha kuchelewa.

Imamu Nawawi, aliyekufa mwaka 676 wa Hijra (1277), ameeleza katika kitabu cha Minhaj kuwa kujaribu huhitilafiana kwa kuhitilafiana watu. Mtoto wa mfanya biashara hujaribiwa kwa kuuza na kununua na kupatana bei. Mtoto wa mkulima hujaribiwa kwa kilimo na kuwalipa wafanyao kazi. Mtoto wa fundi hujaribiwa kwa ufundi wa jamaa zake. Na mwanamke hujaribiwa kwa kazi za nyumbani, kama kusokota uzi na kuhifadhi chakula kisiliwe na paka. Na sharti majaribio yakaririwe mara mbili au zaidi, kwani mara moja huenda ikawa ni bahati.

Na kwa kuwa mkataba wa mtoto hausihi, mtoto huachwa apatane bei mwenyewe sokoni, na pakifika penye kufunga mkataba, walii ndiye afungaye. Tazama uzuri wa hekima hii. Mtoto amesema na muuzaji, amekataa, amekubali, amejifunza kuona hila. Na mali yake haikuwa katika hatari.

Basi katika miji ya mwambao hivi leo, mlezi wa mtoto wa shamba na ampe minazi mitano aihesabu nazi zake, amlipe mkwezi, alete hesabu. Wa mvuvi na amfundishe kugawa mapato baina ya chombo na mabaharia. Wa duka na amwachie droo moja kwa juma moja, kisha watazame daftari pamoja. Na kwa kuwa fedha nyingi sasa hupita katika simu, kijana na ajaribiwe kwa hizo pia, na afundishwe kuwa deni la simu ni deni, na mwenye kulichukua ataulizwa. Akikosea katika shilingi mia mbele ya mlezi wake, hilo ni somo. Akikosea kwa mara ya kwanza katika urithi wote wa baba yake, hilo ni msiba.

FASILI YA NNE: Mwenye mali, na siku ya kukabidhi

Walii wa mali ya mtoto ni baba, kisha babu mzaa baba, kisha wasii aliyeusiwa na mmoja wao, kisha kadhi. Ami na kaka si mawalii wa mali kwa udugu wao tu. Akishika mmoja wao mali ya yatima bila ya wasia wala amri ya kadhi, ameingia pasipo mlango, na yampasa aende akaingie mlangoni.

Mwenye uwalii hutenda kwa maslaha ya mtoto. Hauzi shamba wala nyumba yake ila kwa haja, au kwa faida iliyo wazi. Hutoa zaka ya mali yake, kwani kwa Mashafii zaka ni wajibu katika mali ya mtoto. Na imepokewa kwa Sayyidna Umar kuwa mali za mayatima zifanyiwe biashara ili zaka isizimalize. Walii aliye tajiri na ajizuie asitwae kitu; na aliye fakiri, kazi ya mali hiyo ikimzuia kuchuma, hutwaa kilicho kidogo baina ya ujira wa kazi yake na mahitaji yake, asizidishe.

Na kuchanganya chakula cha yatima na cha nyumba kumeruhusiwa katika aya ya 220 ya Sura ya Al-Baqara, maadamu nia ni kutengeneza. Lakini kuchanganya chungu si kuchanganya daftari. Kodi ya nyumba ya yatima na iandikwe mbali, na matumizi yake yaandikwe mbali, tangu mwezi wa kwanza. Asiyeandika kwa miaka kumi hataweza kukumbuka siku moja.

Kisha siku ya kukabidhi na waitwe mashahidi. Hapa pana mas-ala ambayo mawasii wengi hawayajui. Wasii na kijana wakigombana juu ya kiasi kilichotumika katika kumlisha na kumvika, husadikiwa wasii, kwa sababu ni taabu kushuhudisha kila kibaba cha mchele. Lakini wakigombana juu ya kukabidhiwa mali baada ya kubaleghe, wasii akasema "nimempa" na kijana akasema "hakunipa," husadikiwa kijana. Kadhalika kijana akidai kuwa kiwanja chake kiliuzwa bila ya haja wala faida: muuzaji akiwa ni baba au babu, husadikiwa huyo kwa kiapo chake, akiwa ni wasii, husadikiwa kijana kwa kiapo chake. Basi mashahidi na daftari si ishara ya kutoaminiana. Ni ngao ya wasii mwaminifu kabla ya kuwa haki ya kijana.

Na akabidhiwapo, asiachwe. Kijana akipoteza mali baada ya kukabidhiwa hali alikuwa na rushdi, ni kadhi ndiye mwenye kumzuia tena, si ami yake. Lakini nasaha haihitaji hukumu ya kadhi, na mzee aliyemlea ana haki ya kusikilizwa ikiwa alimpa haki yake.

FASILI YA TANO: Asiye na mali

Yaliyotangulia ni ya yatima mwenye urithi. Na walio wengi hawana urithi, wala hawana ila nguo walizovaa. Hawa hali yao wakibaleghe ni ngumu zaidi, na huku hesabu yao mbele ya watu ni nyepesi, kwani hapana anayedaiwa.

Katika madhehebu ya Shafii masurufu ya jamaa huwajibika kwa wazazi na kupanda juu, na kwa watoto na kushuka chini. Ami hawajibikiwi na masurufu ya mwana wa nduguye, wala mlezi hawajibikiwi na ya mtoto wa kulea. Wengine hulishika neno hili wakapumua. Lakini sheria iliyosema hivyo ndiyo iliyosema pia kuwa kuondoa dhara ya Mwislamu mwenye haja ni faradhi ya kutosheleza juu ya wenye uwezo; wakiiacha wote, wote wamepata dhambi. Basi kijana atokaye katika nyumba ya mayatima akalala barazani mwa msikiti, dhima yake i juu ya matajiri wote wa mji wanaojua.

Dawa yake ni mambo matatu.

La kwanza ni ujuzi. Kwa asiye na mali, kazi ya mikono ndiyo mali yake, na kumfundisha ndiko kumkabidhi. Apelekwe kwa fundi wa useremala, au wa umeme, au wa mashine za boti, mapema, wala si baada ya kuambiwa aondoke. Kusoma Kurani na kazi havigombani. Mchana una saa za vyote viwili.

La pili ni zaka. Wengi huigawa noti ndogo ndogo mwezi wa Ramadhani, ikaliwa ikaisha kabla ya mwezi kuandama. Imamu Nawawi amesahihisha katika Minhaj kuwa fakiri na maskini hupewa cha kuwatosha umri ulio wa kawaida, hata kwa kununuliwa mali isiyohamishika ya kuwaletea pato. Na wanavyuoni wameeleza kuwa mwenye ufundi hununuliwa vyombo vya kazi yake, na mwenye kujua biashara hupewa rasilmali ya biashara yake. Basi matajiri kumi wakikusanya zaka zao wakamnunulia kijana mmoja cherehani, au randa na misumeno, au nyavu, wamemtoa katika safu ya wapokeao, na huenda baada ya miaka akaingia katika safu ya watoao. Wala mlezi asidhani kuwa hawezi kumpa zaka yake kijana aliyemlea akiwa fakiri. Wasiopewa ni wale ambao masurufu yao ni wajibu juu yake, na huyu si katika hao.

La tatu ni hati. Kijana asiye na cheti cha kuzaliwa hupata taabu kubwa kupata kitambulisho, na asiye na kitambulisho hufungiwa milango ya kazi na ya benki. Kulitafuta jambo hili wakati wazee waliomjua baba yake wangali hai ni katika amana ya malezi.

Asiseme mtu kuwa ni fakiri, hana la kumpa aliyemlea. Imamu Shafii, aliyezaliwa Ghaza mwaka 150 wa Hijra (767), alikuwa yatima, akalelewa na mama yake Makka katika ufukara. Mama hakuwa na ada ya mwalimu. Mwalimu akaridhika kwa kuwa mtoto huyo alikuwa akiwasomesha wenziwe pindi yeye akiondoka. Hakuwa na karatasi, akawa akiandika juu ya mifupa. Na alipokuwa kijana akapata nafasi ya kazi katika nchi ya Yaman, imesimuliwa kuwa mama yake hakuwa na nauli ya kumpa, akaweka rahani ili mwanawe asafiri. Mwalimu alisamehe ada, na mama alitafuta nauli: kwa vitu viwili hivyo umma huu ulipata imamu.

FASILI YA SITA: Nyumba, nasaba na ndoa

Mtoto wa kulea hubaki na nasaba ya baba yake. Aya ya 5 ya Sura ya Al-Ahzab imeamrisha waitwe kwa baba zao. Na wasiojulikana baba zao ni ndugu katika dini. Zaid bin Haritha aliitwa mwana wa Muhammad kabla ya aya hiyo, kisha akarudishiwa jina la baba yake, wala hakupungukiwa mapenzi. Mwaka wa 8 wa Hijra (629) ndiye aliyekabidhiwa bendera ya jeshi la Muuta.

Kijana akibaleghe, mke wa mlezi si maharimu wake, wala mabinti wa nyumba, ila akiwa amenyonyeshwa na mke huyo mara tano kabla ya kutimia miaka miwili. Kwa hukumu hii wengine humfukuza kijana siku ya kubaleghe kwake, wakidhani wanahifadhi sitara. Sheria imeamrisha sitara, haikuamrisha kufukuza. Chumba cha nje, au banda la uani lenye mlango wake, hutimiza haki zote mbili. Na chakula chake na kitolewe kama zamani.

Ama msichana, jambo lake ni zito zaidi. Mlezi si walii wake wa ndoa kwa kumlea tu. Walii ni jamaa zake wa kiumeni kwa mpango wao, na asipokuwapo yeyote, ni kadhi. Na yatima wa kike asiye na baba wala babu haozwi hata abaleghe na aridhie. Mwenye kumwoza haraka ili apunguze mzigo nyumbani, ameondoa mzigo wa dunia akajitwika wa Akhera.

Na mtoto wa kulea harithi. Lakini mlezi aweza kumpa zawadi katika uhai wake, na kumwusia katika thuluthi ya mali yake. Asiyeandika wasia huwaachia warithi wake kazi ya kumtoa kijana nyumbani siku ya tatu ya matanga.

KHATIMA

Mfano ulio bora kuliko yote ni wa Abu Talib. Alimpokea Mtume (S.A.W.) akiwa na miaka 8, naye Abu Talib ni mtu wa mali chache na watoto wengi. Hakumlisha tu. Alisafiri naye Sham angali mdogo. Akakua akifanya kazi, kwani imepokewa katika Bukhari kuwa Mtume (S.A.W.) alichunga mbuzi wa watu wa Makka kwa ujira. Kisha akafanya biashara ya Bibi Khadija, akajulikana kwa uaminifu. Na alipofika kama miaka 25 akataka kuoa, Abu Talib ndiye aliyesimama akatoa hotuba ya ndoa. Tangu miaka 8 hata 25, hapana siku aliyoambiwa kuwa sasa ni mtu mzima, aende. Na ulipowafika Makureshi mwaka wa njaa, ni yatima yule aliyemwendea mlezi wake akamchukua mwanawe Ali, akamlea nyumbani mwake ili kumpunguzia mzigo.

Basi kila mwenye yatima mkononi mwake na ajiulize usiku wa leo mambo manne. Je, mali yake imeandikwa? Je, amekwisha kujaribiwa, na mara ngapi? Je, akitoka ana ujuzi gani, na atalala wapi? Na siku ya kumkabidhi, ni nani watakaoshuhudia? Mwenye majawabu na amshukuru Mola wake. Asiye nayo na aanze kesho asubuhi, kwani mtoto hukua na hali mlezi amelala.

Mwenyezi Mungu awape walezi uaminifu, na mayatima uongofu, na matajiri mikono iliyo wazi. Amin.

Wabillahi taufiki.